Mshtuko wa Falguni Uliochelewa

Wachuka aliingia dukani akihema, kitambaa kimemteleza kichwani, akasema hata kabla hajasimama vizuri, "Mama Yash, wamemuua Nyongesa. Wamemkata na mapanga huko Kaptembwo, mlangoni kwake."

Falguni alikuwa ameketi nyuma ya kaunta na kikombe cha chai iliyopoa. Alimtazama Wachuka jinsi mtu anavyotazama ukuta. Kisha akasema, "Rudisha huo mlango. Vumbi linaingia."

Paresh, mumewe, alikuwa juu ya ngazi akishusha mabunda ya vitambaa ili ayafiche stoo, kwa sababu ilikuwa wiki ya mwisho ya Januari 2008 na mji wa Nakuru ulikuwa unawaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Alisikia habari, akasikia na jibu. Bunda likamponyoka na kujikunjua sakafuni. Wachuka hakulia. Alikuwa amejiziba mdomo, anamkodolea macho mwajiri wake.

"Umesikia alichosema?" Paresh alimuuliza mkewe kwa Kigujarati.

"Nimesikia. Nyongesa amekufa." Akainua kikombe, akanywa.

Nyongesa alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka hilo tangu watoto wa Falguni wakiwa shule ya msingi. Mteja alinunua kitambaa, uzi na zipu ndani, kisha akatoka nje kupimwa. Fundi na mwenye duka walikuwa na kelele zao za kila siku, huyu anasema uzi haufanani na kitambaa, yule anasema macho ya mwenzake yamezeeka, na mwishowe wote wanacheka. Mama yake Falguni alipofariki, Nyongesa alishona blauzi nyeupe za wanawake wote wa familia bila kuinuka kwenye kiti, hata chakula alikula kesho yake. Huyo ndiye aliyekuwa amekufa, na Falguni alikuwa anaona vumbi.

Ambaye hakumjua zamani hawezi kuelewa jinsi Paresh alivyoduwaa. Falguni alizaliwa Nakuru, na sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya barabara. Na wanawake wa Bahati alibishania bei kwa Kikuyu, na watu wengine wote kwa Kiswahili, na kwenye lugha zote hizo alijua kutukana kwa upole. Machozi yake yalikuwa karibu. Alilia kwenye harusi za watu asiowajua. Wakati mmoja alilia kwa sababu ya mbwa wa jirani aliyegongwa na lori, akafunga duka mapema.

Katikati ya mwaka wa 2007 sauti hiyo ilianza kuisha. Hakuna aliyekuwa amefariki wala kugombana na mtu. Yash na mdogo wake walikuwa vyuoni ng'ambo, wazima. Falguni alianza kuamka kabla ya alfajiri na kubaki ameketi ukingoni mwa kitanda. Aliacha kupika, kisha akaacha kuchana nywele. Chakula, alisema, kilikuwa kama kutafuna karatasi. Daktari mmoja mjini alisema ni vidonda vya tumbo. Mwingine akasema ni umri. Jamaa zake wakasema ni kijicho, wakamzungushia pilipili na chumvi kichwani. Mwishowe daktari wa akili Nairobi akautaja ugonjwa wenyewe, sonona, ule ambao Wachuka aliusikia redioni ukiitwa depreshen. Alipewa dawa. Kidonge cha kwanza kilimlaza usingizi mchana, cha pili kilimfanya atetemeke, cha tatu hakikufanya lolote.

Wakati wote huo Paresh aliamini kwamba mkewe ana huzuni, na kwamba huzuni hupita. Ile asubuhi ya Januari ndiyo iliyomfungua macho. Huzuni angeielewa. Huyu hakuwa na huzuni. Hakuwa na kitu chochote ndani.

Siku ambayo barabara zilikuwa hazipitiki na moshi umetanda upande wa Kaptembwo, alimpigia simu Darshana, dada mkubwa wa Falguni, aliyeolewa Ahmedabad, India. Alimweleza kila kitu. Darshana akasema, "Huku kuna daktari mwenye mashine ya sumaku. Anaiweka kichwani kwa wagonjwa ambao dawa zimewashinda."

"Stima?" Paresh alipaza sauti. "Mnataka kumpiga dada yenu shoti?" Alikuwa na mjomba aliyetibiwa kwa umeme zamani, akishikwa na wanaume wanne, na alirudi nyumbani akiwauliza watoto wake majina yao.

"Sijasema umeme, Paresh-bhai, kaka yangu. Nimesema sumaku. Mtu anakaa kwenye kiti, macho wazi, anaongea."

"Sumaku kama hii ninayookotea pini dukani?"

"Yenye nguvu zaidi. Mlete."

Paresh alimuuliza Falguni kama atakubali. Akasema sawa. "Huogopi?" Falguni akafikiri kidogo. "Hakuna kitu ninachoogopa," alijibu, na Paresh akaona afadhali angesema anaogopa hadi kufa.

Walifika Ahmedabad mwezi wa Machi, joto likiwa limeanza kuuma. Kliniki ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la kawaida, juu ya duka la miwani. Muuguzi alimwomba Falguni avue vitu vyote vya chuma: pini za nywele, vipuli, na mwisho, kwa sauti ya chini, mkufu wake wa ndoa wa shanga nyeusi. Mkufu huo haukuwahi kutoka shingoni tangu siku Paresh alipomvisha. Katika familia yao mwanamke huuvua akiwa mjane. Falguni aliuvua mara moja, akamwekea mumewe kiganjani kama anayerudisha ufunguo, wala hakumtazama. Paresh alikifumba kiganja, akageukia dirisha.

Daktari alikuwa mtu mwembamba, anayeongea polepole. Alishika kifaa chenye umbo la pete mbili zilizoungana, kimefunikwa plastiki, na waya mnene unaokwenda hadi kwenye mashine. Alikilaza juu ya kichwa cha Falguni.

*Tak!*

Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kiliruka. Paresh naye akaruka kutoka kwenye kiti. "Unamfanya nini?"

*Tak!* Kidole kikaruka tena. Falguni alikitazama kidole chake kama mnyama mdogo aliyetokea mapajani mwake. "Nani anakichezesha?" akauliza.

Hilo lilikuwa swali la kwanza alilouliza kwa hiari yake tangu mwaka uliopita.

"Ni wewe mwenyewe," daktari alisema. "Hapa ndipo ubongo unapoamuru mkono. Sumaku inapita kwenye fuvu bila kukata chochote na kupaamsha kidogo. Natafuta nguvu inayokufaa. Nikishaijua nitasogea mbele, upande wa kushoto. Kwa wagonjwa wengi wa sonona, sehemu hiyo inafanya kazi kwa unyonge."

"Atapona?" Paresh aliuliza.

"Sijui. Wengine wanapata nafuu, wengine hawapati. Ni tiba changa, hata sisi tunaoitumia hatujaielewa vizuri. Anaweza kuumwa kichwa. Mara chache sana mtu hupata kifafa, ndiyo maana sitaondoka chumbani. Mtu akikuahidi zaidi ya hapo, mkimbie."

Wakaanza. Kila siku ya kazi Falguni aliketi kwenye kiti kile, vizibo masikioni, na mashine ikampiga kwa mfululizo, ta-ta-ta-ta-ta, ikanyamaza, ikaanza upya. Ngozi ya kichwa ilimuuma kama inayodonolewa na ndege. Paresh aliketi pembeni na gazeti asilosoma. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na Falguni alikuwa yuleyule. Jioni moja Paresh alimwambia Darshana jikoni kwamba wamekuja bure.

Siku chache baadaye, mashine ikiwa katikati ya mfululizo, Falguni aliinua mkono. Daktari akaizima.

"Inauma?"

"Hapana." Alikuwa amekunja uso, kama anayesikiliza kitu nje ya dirisha. "Ni Nyongesa huyo, cherehani yake hiyo. Anashona jinzi. Anapita kwenye pindo nene."

Daktari alimtazama Paresh. Paresh alisimama.

"Nyongesa alikufa," Falguni alisema.

"Ndiyo."

"Walimkata. Mlangoni kwake."

"Ndiyo, Falu."

"Na mimi nilikunywa chai."

Falguni alitoa ukelele ambao ulimtoa muuguzi mapokezi akikimbia. Aliteremka kutoka kwenye kiti hadi sakafuni, akajipiga kifua, akalia kama wanavyolia watu maiti inapoletwa nyumbani. Miezi mingapi Paresh alikuwa ameomba machozi hayo! Sasa yalipokuja, alikaa chini karibu na mkewe, amemshika mguu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

Daktari hakuiwasha mashine tena siku hiyo. Yeye pia alikuwa amebadilika rangi. "Siwezi kukuapia kwamba ni sumaku," alimwambia Paresh koridoni. "Lakini wiki tatu zilizopita mtu huyu hakuweza kulia hivi."

Baada ya hapo Januari yote ilimrudia vipandevipande, na kila kipande kilimfikia kama habari mpya. "Wachuka je, nyumba yake?" aliuliza wakiwa mezani.

"Ilichomwa."

"Ilichomwa? Lini?"

"Falguni, alilala kwetu mpaka mwisho wa Februari. Chumba cha Yash. Mlikuwa mnakunywa chai pamoja kila asubuhi."

Falguni aliacha kijiko kikaanguka. Alikumbuka kuwa kulikuwa na mtu ndani ya nyumba. Hakukumbuka kama aliwahi kumpa pole.

Lakini siku hiyohiyo alionja dengu za Darshana, akasukuma bakuli. "Dada, umeweka sukari yote ya Gujarat humu? Hizi ni dengu au ni chai?" Darshana alibaki na upawa hewani. Paresh alitoka nje kwenye ngazi, akacheka peke yake huku akijifuta macho kwa shati.

Walirudi Kenya tiba ilipokwisha. Njiani kutoka Nairobi, walipoiacha Naivasha nyuma, Falguni aliona mahema meupe ya waliofukuzwa makwao yamejipanga kando ya barabara, watoto wakicheza katikati ya kamba. "Simamisha gari!" alisema. Alishuka, akasimama ukingoni mwa lami, mikono kichwani. Wapita njia walimshangaa yeye, kwa maana mahema hayo yalikuwa hapo kwa miezi, na watu walikuwa wamezoea kuyapita bila kugeuza shingo.

Jambo la kwanza alilotaka ni kumwona Mama Nafula, mjane wa Nyongesa. Wachuka alijua alipo. Mjane alikuwa amehamia Lanet kwa dada yake, nyumba ya mabati nyuma ya barabara kubwa. Paresh akaendesha gari, Falguni akiwa amekumbatia kikapu cha unga, mafuta na majani ya chai.

Mama Nafula alikuwa mwanamke mrefu. Nguo sasa zilimning'inia. Alisema karibu, lakini hakutoa mkono.

"Pole sana," Falguni alisema. "Najua nimechelewa."

"Umechelewa kweli. Tulizika mwezi wa pili, huko kwao Kimilili."

"Sikuwa na—"

"Mama Yash, ngoja niseme. Mimi nilikuja kwako. Tukitoka kuzika, nilikuja duka kuchukua cherehani. Nilisimama mbele yako na nguo ya matanga. Nikakuambia, Mama Yash, bwana yangu hayuko. Ukaniangalia tu. Halafu ukageuza uso, ukaendelea kupanga vifungo. Ni mzee wako alinisaidia kubeba."

Falguni alimgeukia Paresh. Paresh aliinamisha kichwa. "Ni kweli," alisema. "Sikukwambia."

Falguni alitafuta siku hiyo akilini, hakuipata. Hakukumbuka mwanamke aliyesimama mbele yake, wala vifungo. Hofu aliyoikosa mbele ya mashine ya Ahmedabad ilimjia sasa, kwa kugundua kwamba mwili wake ulikuwa umetembea duniani na kuumiza watu huku yeye hayupo.

"Nilirudi nikaambia watu, wale hawana roho," Mama Nafula aliendelea. "Miaka yote hiyo bwana yangu anakaa mlangoni pao."

"Ulisema vizuri," Falguni alijibu. "Sikuwa nayo. Nilikuwa mgonjwa wa hapa." Akajigusa kichwa. "Sitaki unisamehe kwa sababu hiyo. Nataka tu ujue haikuwa kwamba Nyongesa si mtu kwangu." Akashindwa kuendelea, akalia, na safari hii Mama Nafula alimwangalia kwa makini.

"Mgonjwa wa nini?"

Falguni akamweleza. Alimweleza asubuhi zake, chakula kisicho na ladha, vidonge, safari, kiti, na kidole kilichoruka chenyewe. Dada wa Mama Nafula alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama kusikiliza, mdomo wazi. "Sumaku? Kwa kichwa? Na hukuungua?"

Mama Nafula hakuuliza hilo. Alivuta kigoda karibu, akateremsha sauti. "Hiyo chakula. Ilikuwa kama karatasi?"

"Kama karatasi."

"Na unaamka usiku haujaisha, na hakuna kitu umeamkia."

"Ndiyo."

"Mimi niko hivyo. Watu wananiambia ni ujane, nitazoea. Juzi Nafula ameanguka akachanika goti, damu inatoka, nikamwangalia tu. Nikashangaa, mimi nimekuwa nini?" Akainua macho. "Hiyo mashine iko wapi? Iko hapa Nakuru?"

"Haiko."

"Nairobi?"

"Hata Nairobi sijasikia. Iko India."

Mama Nafula alicheka kicheko kifupi, kikavu. "Haya basi," akasema.

Njiani Falguni hakutamka neno, na Paresh akaanza kuogopa kwamba ugonjwa umerudi. Walipofika mjini akamuuliza. "Sio hivyo," Falguni alisema. "Nina hasira. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa na hasira."

Wiki iliyofuata alimpeleka Mama Nafula kwenye kliniki ya akili ya hospitali ya serikali. Waliketi pamoja kwenye benchi ya nje, foleni ndefu. Mteja wake mmoja, mama wa Kiamunyi, alipita akielekea maabara, akasimama ghafla.

"Mama Yash! Wewe, hapa? Hii ni benchi ya wendawazimu!"

"Ndiyo hii," Falguni alisema. "Keti, kuna nafasi."

Yule mama aliondoka haraka bila kuaga. Mama Nafula alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Ilimchukua Falguni muda kujua kwamba anacheka.

Daktari wa hapo alimsikiliza mjane vizuri, akampa dawa na kumtaka arudi kuzungumza kila baada ya wiki kadhaa. Falguni alipoona jina la kidonge alishtuka. Kilikuwa kilekile kilichomfanya yeye atetemeke hata asiweze kushika sindano. Alitaka kumwonya, akajizuia. Na kidonge hicho kikamfaa Mama Nafula. Alianza kulala hadi mapambazuko. Kufikia Agosti alikuwa ametoa cherehani ya mumewe chini ya kitanda na kuanza kushona sare za shule huko Lanet. Falguni hakuweza kulifahamu jambo hilo, kwamba yeye alihitaji kuvuka bahari na kupigwa sumaku, na mwenzake akainuliwa na kidonge kidogo cheupe.

Mwezi wa Novemba, Falguni alipokuwa akimpimia mteja lastiki, alisahau alichokuwa akifanya. Alibaki ameishika, ameitazama. Siku mbili baadaye alimwita Paresh stoo.

"Inarudi," alisema.

Paresh alifunga mlango wa stoo. "Huenda umechoka tu."

"Hapana. Chai ya leo haikuwa na ladha. Mara ya kwanza sikujua ni ugonjwa, nilidhani ndivyo dunia ilivyo. Sasa najua. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Walimpigia daktari wa Ahmedabad, akasema hakushangaa, wengine hurudi kwa tiba fupi, na kwamba waende kwanza kwa yule wa Nairobi aangalie dawa nyingine. Wakaenda. Dawa ilikuwa mpya na ilichelewa kufanya kazi. Kulikuwa na asubuhi ambazo Falguni alifika dukani, na nyingine hakuinuka.

Asubuhi moja ya hizo Mama Nafula alikuja nyumbani kwao bila kualikwa. Ilikuwa siku yake ya kliniki. Wachuka alimpitisha hadi chumbani, jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kufanyiwa katika nyumba ile, na Paresh akasimama mlangoni asijue kama amzuie. Mama Nafula aliketi kitandani kabisa, akamvutia Falguni blanketi.

"Leo mimi ndiyo nimekuja kukuchukua, na gari ya watu wengi," alisema. "Amka. Tunaenda wawili, na wote tunaonwa."

"Siwezi."

"Najua huwezi. Vaa viatu hivyohivyo, ukiwa huwezi."

Falguni alimwangalia kwa muda mrefu. Kisha akatoa mguu mmoja nje ya blanketi, akauweka sakafuni, na Mama Nafula akainama kutafuta kiatu.